Mmisionari wa Siku Kumi

Jumatano, 7 Agosti

Kesho safari. Mimi fundi cherehani, Kiingereza cha kujifundisha redioni — mmisionari! Miaka yote kanisa letu limepokea wageni wa wiki mbili mbili, nami nikasimama pembeni yao nikitafsiri mahubiri, na pale yalipopwaya nikiyabana kidogo. Hakuna aliyewahi kulalamika. Safari hii wanaotumwa ni sisi. Watu sita, kanisa dogo ng'ambo ya mpaka, siku kumi.

Mke wangu kauliza siku kumi zinatosha kufanya nini, maana hata mafua yangu huchukua zaidi. Kauliza huku ananipigia pasi shati la tano. Mafua hayapigiwi pasi. Nimeelewa.

Ijumaa, 9 Agosti

Tulifika jana jioni. Tukaimbiwa! Nimezoea kuwa upande wa wanaoimba; sikujua uso huwekwaje ukiwa upande huu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, shemasi. Kanipa chumba chake. Nikakataa, akasema mgeni hachagui. Maneno hayohayo nimewaambia wageni wangapi!

Asubuhi tukakabidhiwa kazi: kupaka rangi ukuta wa darasa la Jumapili. Nikaukwaruza kwa ukucha. Rangi, chini yake rangi, chini yake rangi. Basi nikajua. Kwetu pia upo ukuta wa wageni. Haujapata kupauka hata siku moja. Nikachovya brashi, nikapaka. Mzee wa kanisa akapita, akausifu, uso mkavu. Nikamtazama. Akanitazama. Huyu mwenzangu kabisa.

Ila nisijidanganye: nilipomaliza nilijisikia vizuri mno. Niliomba hata nipigwe picha.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeona stoo ya kanisa. Cherehani tatu, nzima, zimefunikwa vitambaa kama zimelala. Zililetwa na wageni wa mwaka juzi. Anayezigusa ni mmoja tu: mkamwana wa mwenyeji wangu, mjane wa mwanawe, mdomo mkali. Anajua kushona mstari ulionyooka, basi.

Kwaya inataka majoho mapya, na kazi inakwenda kwa fundi wa mjini. Mkamwana kaiomba. Mzee wa kanisa kamjibu mbele yangu: ashone moja, alilete Jumamosi ijayo asubuhi kabla ya kikao cha wazee. Likikaa vizuri mwilini, yote yake. Lisipokaa, wasilaumiane.

Jumamosi hiyo asubuhi ndiyo tunaondoka.

Kiongozi wetu alitaka nipake upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia mgongo unaniuma. Mgongo haukuniuma.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumeanza kushona, mimi na mkamwana. Anashika haraka, na anajibu haraka zaidi.

“Baba, nikuulize. Nyie wageni huwa mnafundisha, au mnaonyesha mnavyojua?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza: mwaka juzi mama mmoja mgeni alimfundisha wiki nzima. Kila palipokuwa pagumu mama alisema muda hautoshi, akashona mwenyewe. Gauni likatoka zuri ajabu. “Mimi kazi yangu ikawa kupiga makofi.”

Nimekubali sharti lake: mkono wangu hautagusa joho. Mdomo ruksa. Nimeukalia mkono siku nzima. Miaka thelathini ya ufundi imekaliwa na makalio yake yenyewe!

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Kakata mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kina upande wa nje na wa ndani. Alisahau kugeuza kipande cha pili. Na mimi nilikuwa dirishani nawaeleza wenzangu jinsi anavyoendelea vizuri.

Kitambaa kilichobaki hakitoshi mkono mzima. Mkamwana, na mdomo wake wote ule, kaanza kukunja kitambaa. Kisha kasema bora apelekewe tu fundi wa mjini, watu wasije wakamcheka kanisani.

Kiongozi wetu akaingia, akaona, akaninong'oneza: “Fundi, si uutengeneze tu wewe? Joho likamilike, tumshukuru Mungu twende zetu.” Ana nia njema. Na kwa dakika moja mkasi nilikuwa nao mkononi kweli.

Nikauweka mezani. Nikamuuliza mkamwana: mtu akivaa joho, sehemu gani haionwi na mtu? Akafikiri. Akainua mkono wake, akajitazama kwapani. Kisha akavuta vipande viwili vilivyobaki, akavigeuza, akavigeuza tena, akaviunga kiungo kikaangukia kwapani. Mwenyewe! Mimi sikusema zaidi ya hapo. (Nilisema “polepole” kama mara arobaini. Hilo halihesabiki.)

Jioni nimekula kama niliyelima.

Ijumaa, 16 Agosti

Mikono yote imeingia, wa kulia na wa kushoto. Imebaki kola, na kola ndiyo huwaliza mafundi. Kajaribu mara tatu, kafumua mara tatu. Mama mkwe wake kapita mlangoni: “Baba, si umsaidie huyu mtoto?” Mkamwana kamjibu kabla yangu: “Mama, ananisaidia. Huoni alivyokaa?”

Jumamosi, 17 Agosti

Naandikia ndani ya basi. Tumeshaagana, tumeombewa, na dereva hajamaliza kufunga mizigo.

Nilipokwenda kumuaga, kola ilikuwa imeshika nusu. Kwa mara ya kwanza akasema: “Baba, malizia wewe. Wazee wameshaingia.” Macho yamejaa. Nikaitazama ile nusu iliyobaki. Dakika mbili kwangu, nikiwa nimefumba macho. Nikamwambia mimi nina basi. Nikatoka. Najisikia mkatili, na najivunia, vyote kwa pamoja.

Kutoka hapa nasikia cherehani yake. Inakwenda. Inasimama. Kiongozi ananiuliza mbona sijibu, kumbe alikuwa akinisemesha. Inakwenda tena.

Dereva kawasha. Sasa sisikii kitu, ila injini tu.

Mlango wa stoo umefunguka. Ametoka, joho kalikunja mkononi, uzi unaning'inia. Wenzangu wote wanampungia. Kalipita basi moja kwa moja, anakimbilia kwa wazee. Hata hakunitazama!

Anabisha hodi. Basi linakata kona. Shingo yangu haifiki tena —