Alama ya Chaki Mbele ya Ayowa

Jumatatu, 29 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Darasa la nne limevuja tena. Nimewasogeza watoto wote upande wa mlango, wakabanana, wakasukumana, kipindi kikaisha. Nimemfokea mtoto wa Mama Sifa bila kosa. Kesho nitamwomba radhi. Au basi, alikuwa anacheka.

Jioni nimempelekea Tantini maharage. Amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole, hatazami. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaona ukungu. Amenijua kwa kandambili zangu.

Ni dada wa baba yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka Fizi, Kongo, tukavuka ziwa, tukafika hapa kambini Nyarugusu nikiwa sijaota meno yote. Sina mama mwingine. Lakini mtoto wake wa kumzaa ni mmoja, Bahati, naye yuko Amerika, Ayowa, anakata nyama ya nguruwe kiwandani. Ameondoka miaka sita sasa. Faili la Tantini la kumfuata liko kwenye ofisi ya safari. Linasubiri, wanasema. Kila mwaka linasubiri.

Jumatano, 31 Oktoba

Habari njema, na mimi si mtu wa kushangilia ovyo. Madaktari wa macho wanakuja Kasulu wiki ijayo. Tantini amepata namba. Ijumaa tarehe tisa, gari litawachukua asubuhi. Daktari wa hapa kambini ameniita pembeni, akasema ni presha ya macho, kilichokufa hakirudi, ila jicho la kulia likipasuliwa sasa litabaki na hicho kidogo lilicho nacho. Likichelewa, basi.

Nimemwambia Tantini hivyo hivyo bila kuzunguka.  Akasema hicho kidogo kinamtosha. Anachotaka ni uso wa Bahati. Mara moja tu, kwa karibu, kisha Mungu afunge dirisha lake akipenda.

Karatasi ya namba ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Jumapili, 4 Novemba

Baada ya ibada, kelele. Uchaguzi wa Amerika ni keshokutwa, na hapa utadhani ni wetu. Si uchaguzi wa rais. Ni wa bunge lao, na magavana, na mabunge ya majimbo. Lakini tangu mwaka jana ndege za kuwapeleka watu wetu kule zimepungua sana, na watu wameshika neno moja: bunge likigeukia chama kingine, ndege zitarudi.

Hapa kila mtu ana jimbo. Ukiwa na ndugu Teksasi, wewe ni Baba Teksasi mpaka kaburini. Kuna Mama Arizona wawili, na wanagombania jina. Tantini ni Mama Ayowa. Leo Baba Teksasi, muuza dagaa, kasimama juu ya kreti anatangaza matokeo ya uchaguzi ambao haujapigwa. Uongo mtupu. Eti kasikia redioni.

Nimekasirika. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi nitaandika matokeo kwa haki, jimbo kwa jimbo, kila mtu asome. Wakapiga makofi. Nilipenda yale makofi, sikatai.

Jumanne, 6 Novemba

Nimepata ubao. Ule wa mbao karibu na bomba la maji, uliokuwa ukibandikwa majina ya wanaosafiri. Umekaa mtupu muda mrefu, mbuzi wanajikuna. Nimeufuta, nimepiga mistari kwa rula ya darasani. Majimbo kumi na mawili, yale yenye watu wetu. Ayowa nimeiweka ya nne, nisionekane napendelea.

Safu ya kwanza jimbo. Ya pili viti vya bunge, punda wangapi, tembo wangapi, maana ndizo alama za vyama vyao. Ya tatu gavana. Ya mwisho nimeacha wazi. Jimbo likimaliza kuhesabu, naweka alama ya vema. Bila alama, bado wanahesabu. Kazi safi. Mwalimu mkuu mwenyewe amesifu.

Alhamisi naenda Kibondo, semina ya walimu wa kambi. Kibali cha kutoka kambini kimepatikana. Nitarudi Jumamosi. Mama Sifa ameahidi kumpeleka Tantini kwenye gari la macho. Nyumba zao zimepakana ukuta, na yeye mwenyewe macho yake yamefifia, alikosa namba.

Jumatano, 7 Novemba

Siku ndefu. Kule kura zinaisha usiku, kwetu kumekucha. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa pale kwenye ubao na redio sikioni, chaki mkononi, na umati nyuma yangu na ndoo zao.

Kentaki, vema. Ohayo, vema. Teksasi, vema, Baba Teksasi akaruka. Ayowa viti vinne: punda watatu, tembo mmoja. Gavana tembo, kabaki yule yule. Nikaweka vema. Bunge la chini limegeuka. La juu halikugeuka. Nikaeleza, halafu nikaeleza tena, kama darasani. Nadhani wa mbele walisikia.

Arizona bado wanahesabu, sikuweka kitu. Mama Arizona wote wawili wakaanza kulia. Kulia kwa machozi! Nikawaambia vumilieni siku chache, itakuja. Nikacheka moyoni kwamba watu wanaweza kuipenda siasa ya mbali kiasi hicho. Vigelegele vilisikika mpaka njia ya Makere.

Mchana Tantini akanikuta nafungasha. Kaja peke yake, kwa kupapasa kuta. Akaniuliza: “Riziki, Ayowa iko na alama?” Nikamwambia iko nayo, nimeiweka kwa mkono wangu. Akanishika mikono yote miwili, akaibusu. “Mungu iko, mutoto yangu.” Nikasema ndiyo Tantini, ila acha nitafute soksi.

Alhamisi, 8 Novemba

Kibondo. Baridi kuliko kwetu. Semina ni ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha jalada. Chai nzuri, chapati mbili. Walimu wa kambi nyingine wamesikia habari ya ubao wangu, wameniuliza nilivyoupanga. Nimewachorea kwenye daftari. Nilijisikia mtu.

Ijumaa, 9 Novemba

Siku ya jicho. Nimemwombea asubuhi kabla ya kikao. Simu haikushika kambini siku nzima. Kesho.

Jumamosi, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nimeshuka garini saa tisa. Nikaenda moja kwa moja kwa Tantini. Mlango haupo. Sikosei, mlango wenyewe, ule wa mabati, umeng'olewa. Ndani hamna kitanda. Hamna sufuria, hamna jiko, hamna jembe, hamna kuku. Tantini amekaa juu ya mfuko mmoja, kavaa viatu. Kitenge cha ubatizo wangu. Ananuka sabuni.

Akasema afadhali nimerudi, alikuwa anaogopa basi lingekuja kabla hajaniaga.

Nikauliza basi gani.

Hapa kwetu anayesafiri hagawi vyombo vyake siku ya kuondoka, anagawa mara tu jina linapotoka, ili majirani wasimwonee kijicho. Sufuria haipandi ndege, ndivyo tunavyosema. Wa ukuta mmoja anapata sufuria kubwa. Aliyekuzikia mtu anapata kitanda. Na ukishagawa hudai. Kurudisha ni mkosi, ni kama safari imekufa.

Mimi nayajua haya yote. Nimegawiwa mara ngapi! Jiko langu la mkaa ni la mtu aliyeko Kentaki. Na mimi nayajua mabango ya zamani pia: jina, faili, na mwisho wa mstari alama ya vema kwa anayeondoka. Asiye na alama anabaki. Ubao ule ule, mahali pale pale. Nikapiga mistari ile ile kwa rula.

Wale Mama Arizona walikuwa wanalilia kubaki. Nami nikawaambia itakuja.

Nikauliza jicho. Jicho, Tantini, ulikwenda Kasulu?

Hakwenda. Namba kampa Mama Sifa. Alisema ni dhambi kula namba ya mtu wakati Ayowa kuna madaktari wa kila aina, na Bahati atampeleka mwenyewe.



Jumapili, 11 Novemba

Sijaenda ibada. Nimemwambia.

Nimemwambia yote. Kwamba alama ilikuwa ya kura, watu wa kule wamechagua wabunge wao, basi. Kwamba Ayowa haikumwita. Kwamba faili liko pale pale. Kwamba aliponiuliza Jumatano nilikuwa natafuta soksi.

Hakulia. Aliuliza kama nina hakika, maana ni mimi niliyeiweka. Nikasema ndiyo maana nina hakika. Akavua viatu, kimoja, kingine, akavipanga ukutani. Akasema niende nikale.

Bora angenitukana.

Wengine waliogawa ni wanne. Nimepita nyumba kwa nyumba. Baba Teksasi kagawa mizani yake ya dagaa. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Mwalimu, sisi tuliamini kwa sababu ni wewe.” Huyu ndiye niliyemwita mwongo mbele ya watu.

Jumatatu, 12 Novemba

Sikufundisha. Nimeomba kibali kwa machozi, nikampakia Tantini kwenye bodaboda, Kasulu. Njia nzima kanishika kiuno. Pale hospitali chumba kimefagiliwa. Madaktari wamefunga vyombo Ijumaa jioni, wamekwenda zao. Watarudi? Hajui mtu. Nesi ni binti wa kutoka Heru Juu, mpole. Kamulika jicho kwa tochi, kwa muda mrefu. Akasema Mwanza wanapasua. Mwanza ni kibali kingine, na kibali kile ni miezi. Akaniangalia, akaona nimeelewa kwamba jicho halina miezi.

Kurudi, Tantini akaomba tusimame Makere, mahali ambapo njia inapanda. Akageuza uso huku na huku. Nikamwuliza unatafuta nini. Anaangalia milima, akasema. Niliona mimi kwamba ameelekeza uso kwenye ukuta wa duka.

Jumatano, 14 Novemba

Nimeufuta ubao. Nimetumia maji, nimetumia majani, nimesugua na mchanga. Arizona walikuwa bado hawajamaliza.

Jioni vitu vilianza kurudi. Hakuna aliyepanga. Mtu anakuja, anaweka mlangoni, anaondoka bila hodi, kama tunavyoleta unga kwenye msiba. Jembe. Jiko. Kuku, lakini amepungua manyoya. Watoto wawili na kitanda. Mlango kaurudisha Baba Teksasi, akaupigilia misumari mwenyewe, na hakunitazama. Anayo haki.

Tantini alikaa ndani akisikiliza. Kila kitu kikitua anakitaja: jembe lile, beseni lile. Hakukosea hata kimoja.

Mama Sifa alikuja mwisho na sufuria kubwa. Jicho moja limefungwa kitambaa, bado linatoa machozi. Alipiga magoti. Tantini akampapasa uso mpaka akafika kwenye kitambaa, akauliza anaona nini kwa jicho hilo. Mama Sifa akasema, kitambaa kikitolewa anaona. Anaona mpaka nyuzi za mkeka. Tantini akasema vizuri, basi jicho halikupotea.

Halikupotea. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi na chuki tupu moyoni. Nilimchukia Mama Sifa kwa jicho lake. Naandika ili nijue kwamba nilimchukia. Yeye hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi.

Jumamosi, 24 Novemba

Nimehamia kwa Tantini. Nafua, napika, nasoma zaburi. Asubuhi aliniuliza kama kumekucha. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mlango. Nikasema bado kidogo, lala.

Halafu nikajiona mwongo tena, nikarudi nikamwambia ukweli. Akasema alijua, amesikia kuku.

Jumapili, 2 Desemba

Bahati amepiga. Kapata mtandao mzuri, anataka simu ya picha, tuonane. Kule theluji, hajaenda kazini. Nilikuwa nimemwandikia kila kitu, mwenye kosa nikamtaja kwa jina. Hakunijibu. Leo alinisalimia tu, “Dada,” akataka nimpe mama yake.

Nikamwekea Tantini simu mbele ya uso. Bahati alikuwa pale, mzima, kofia ya sufu, ndevu. Nyuma yake dirisha jeupe. Akasema mama, unaniona?

Tantini akasema, “Niko nakuona, mutoto yangu.”

Akamwambia amenona. Akamwambia ndevu hizo anyoe, anafanana na baba yake. Nikashtuka, nikamtazama. Kumbe Mama Sifa alikuwa amemweleza picha ya Bahati niliyonayo, mstari kwa mstari, siku moja nilipokuwa shuleni. Bahati alikuwa anacheka na kujifuta uso kwa mkono. Akageuka upande ili mama yake aone kofia yote.

Halafu mtandao ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Tantini hakujua, akaendelea kutabasamu pale pale, akiwa amekaa wima na kitenge chake kizuri.

Nilisubiri kidogo. Nikamwambia, Tantini, amekwenda.

Akasema sawa. Akaniomba nimwekee mchele, auchambue.