Stempu Yako Haijakauka Bado

Kulwa, ndugu yangu wa tumbo moja, uliyetoka kwanza ukaniachia mlango wazi,

Mwadila, ndiyo salamu ya kwetu. Nakuandikia kukupa habari kwamba tumekuzika. Najua tumechelewa. Usiseme kitu, Mbuke mkeo ameshanisema ya kutosha.

Na mwandiko usikushangaze. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikapelekwa kuchunga ng'ombe, lakini ulipoondoka nilikaa kwenye kisomo cha watu wazima mpaka nikazikamata herufi zote. Mwalimu alisema hajawahi kuona kichwa kama changu. Hakusema kizuri au kibaya. Mimi nikachukua kizuri.

Unazikumbuka zile stempu za baba? Tulikuwa tunalala kifudifudi, mimi na wewe, juu ya ile ngozi ya ng'ombe iliyotukunja mgongo mpaka leo mimi natembea kama jembe. Ngozi moja, watoto wawili, na wewe kila mara: "Sogea, Doto." Baba anafungua kopo lake alilorudi nalo kutoka vita ya Burma. Wenzake walirudi na redio, na makoti. Yeye karudi na stempu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ya kwanza ilikuwa ya babu, ya vita ya Mjerumani. Ina meli. Meli! Huku kwetu, ambako hata mto Simiyu ukifika kiangazi unaomba maji kwa jirani. Ya pili, mfalme wa Kiingereza kapigwa herufi nyeusi tatu, kama anasema: nchi ya Mjerumani sasa ni yangu mimi. Halafu ile ya Burma, uliyoiogopa. Mfalme mwingine wa Kiingereza, na Mjapani alipoingia akamgongea mhuri wa tausi juu ya kichwa. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona jicho la mfalme linachungulia katikati ya manyoya.

Baba alisema, "Mwenye kushinda vita hachomi posta. Anataka ulimi wako. Kila ukitaka kumsalimu mama yako, umlambe yeye mgongo kwanza."

Ukamuuliza, "Baba, huyo aliye chini ya tausi, bado anaona?"

"Anaona. Ndiyo maana naziweka kifudifudi."

Tangu siku hiyo hukulala upande wa kopo. Mimi sikuogopa. Sawa, niliogopa kidogo, lakini kwa ushujaa.

Halafu ukaenda mgambo, ukapandishwa lori na wenzako kwenda kumpiga nduli wa Uganda. Ulinishika sikio pale barabarani. "Nitakuletea stempu ya serikali yake, Doto, uikalie."

Taarifa ilikuja kwanza. Mzee wa kata na mwanajeshi mmoja, kofia mkononi. Vita imekwisha, wakasema, na Kulwa hayupo. Mwili hawakuja nao. Mama hakulia. Siku kadhaa baadaye, nilipotumwa posta Bariadi, nikapewa bahasha yenye mwandiko wako. Ndani salamu tu: mama, Mbuke, yule mtamba wako asiuzwe. Na juu ya bahasha ile stempu ya serikali ya nduli, imepigwa wino mweusi kwa Kiingereza kwamba Uganda imekombolewa. Nchi ilikombolewa, Kulwa. Wewe ukabaki chini ya wino.

Mama aliigusa kwa kidole. "Doto, mbona mbichi?"

Imesafiri huko kote, kwenye magunia na malori, na pembeni bado ina unyevu, kama umeilamba sasa hivi ukatoka kidogo nje.

Ndipo mama akakataa matanga. Hakuna aliyenyolewa. Alisema mkizika hewa, hewa itamtafuta pacha wake. Mapacha hawatendewi mmoja mmoja. Siku Kulwa atakapopatikana, akasema, Doto alale shimoni kwanza, atolewe, ndipo ndugu yake aingie. Bila hivyo Doto atamfuata. Mama akafa na neno lake hilohilo.

Mimi nikakusanya. Acha nijisifu: Simiyu nzima, kuanzia Lagangabilili mpaka Nyashimo, mkusanyaji namba moja wa stempu za vita ni mimi, na wa pili hayupo kwa sababu hakuna mwingine. Walimu wa historia wanakuja na wanafunzi. Nawaonyesha mfalme na tausi wake, nawaambia nilimnyang'anya Mjapani mwenyewe. Wanaandika! Lakini yako sikuwaonyesha. Zote koponi zimekauka kama maganda ya karanga, isipokuwa yako. Wakati wa kuvuna pamba, jua likiwa kali mpaka pua ya mbuzi inapasuka, naigusa. Mbichi. Niliipaka majivu, majivu yakawa tope. Niliiweka kifudifudi kama baba, asubuhi nikaikuta inatazama juu.

Msimu huu Mbuke akaja na fimbo yake. Hakuolewa tena, unajua. Aolewe vipi, mumewe si hai wala si marehemu? Kifua chake kimeharibika, anaongea huku anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani.

"Shemeji, mimi naondoka. Nataka kulala pembeni ya mume wangu. Nionyeshe alipo."

"Yuko Uganda, anakula maisha."

"Yuko kwenye kopo lako. Mate yake yako nyuma ya ile stempu. Mwili wake wote uliorudi ni huo."

Nikatania, unanijua. "Mbuke, ndugu ninao wengi. Stempu hii ninayo moja."

Alinitazama, hakucheka. "Wewe si stempu unayoiogopea. Unaliogopa shimo."

Kulwa, huyo mwanamke usingemwoa ningemwoa mimi, na ningejuta.

Nikajitetea kwamba basi niibandue, niiloweke kwenye maji kama ninavyozifanyia zote, mate yakabaki kwenye karatasi, picha ikabaki kwangu. Akanipiga gotini kwa fimbo. "Umuoshe mume wangu umwage uani, kuku wamnywe?"

Basi vijana wa nzengo, majirani zetu, wakachimba mlangoni mwa zizi, pembeni ya kaburi la baba. Saa sita mchana, kila mtu kakanyaga kivuli chake. Bahasha nzima tukaifunga kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe. Nikaingia shimoni, nikalala, ngozi wakaniwekea kifuani.

Nikatania hata humo. "Mmechimba dogo, Kulwa alikuwa mfupi lakini si hivi!" Hakuna aliyecheka. Halafu nikagundua sisikii kitu. Ng'ombe waliacha kutafuna. Kifua cha Mbuke sikukisikia. Hapo juu naona midomo ya watu inatembea bila sauti, na kifuani unyevu unapenya shati.

Kwenye sikio la kushoto, upande uliokuwa unalala wewe, karibu kabisa, bila hasira, kwa sauti ya usingizi:

"Sogea, Doto."

Na mimi nikasogea. Mzee mzima. Nikabana mgongo kwenye udongo kukupa nafasi, maana ndivyo mwili wangu ulivyozoea.

Wakanitoa. Ukawekwa wewe. Mbuke alisubiri mpaka udongo ukajaa, ndipo akanisogelea.

"Shemeji, mle ndani, ulikuwa unampisha nani?"

Mara ya kwanza maishani nilikosa uongo wa kumpa. Nikamwambia. Alicheka, Kulwa. Alicheka kile kicheko chake cha kisimani, cha enzi zile, na kifua hakikumkata. Akaenda akakaa pale pembeni ya udongo akapima kwa fimbo sehemu yake. Usiku huo alilala fofofo, ndugu zake wanasema. Tumenyoa vichwa. Cha kwangu kimetoka na makovu yote ya mawe uliyonipiga.

Ninachokuandikia hasa ni hiki. Tangu siku ile nikijitazama kwenye kioo nakuona wewe, kijana, yule wa kwenye lori, na huu uzee wangu umegongwa juu yako kama tausi. Unachungulia katikati ya mikunjo. Nilifikiri nitaogopa. Siogopi sana. Lakini nasikia ladha ya gundi kila nikimeza mate, na ulimi wangu umekuwa mkavu, mimi niliyekuwa natania mpaka watu wanalia kwa kucheka. Ukiwa unautumia, sema.

Kopo nimelifunga. Barua hii nitaiweka chini ya jiwe pale zizini, lakini barua bila stempu si barua, kwa hiyo nimenunua moja Bariadi. Ni ya amani tu, haina mfalme, haina nduli, hakuna aliyegongwa juu ya mwenzake. Nimeigeuza, nikatoa ulimi nje kama ng'ombe mbele ya chumvi.

Sikuilamba, Kulwa. Nimeikuta imeshalambwa.

Haya, nimekusikia. Nasogea, polepole.

Ni mimi uliyeniachia mlango,
Doto wako