Mkaribishe Ami Alishe

Mdogo wangu Haji,

Assalaam alaykum. Mimi mzima huku Dodoma, nimebanwa na jiko la hosteli tu. Wewe je? Na Bibi, kifua kimempungua?

Habari uliyoniletea imenitia moto. Ami Khatibu asimame mbele ya watu wa Wambaa aseme malisho ya marehemu mama yanaishia mtaroni, na kutoka hapo kwenda juu ni kwake! Eti, "Kama ni kwenu, mbona mmeacha pori?" Hilo neno la pori umempa wewe, mvivu we. Huku watu wananunua majani makavu, wewe unayo mpaka kifuani unayatazama, na ng'ombe wetu wamekonda.

Usigombane naye. Nataka aumbuke.

Mama alipanda mananasi mpakani, mstari mmoja, huko juu kabisa, mbali na mtaro. Mimi nikimpa miche, wewe uko mgongoni mwake unalia. Ami alikuwepo, na ncha ya kamba tuliyonyooshea aliishika yeye. Anadhani majani yameshayaua. Hayakufa. Nilipokuja Idi nilipita humo yakanichoma miguu.

Basi chukua mundu ukate majani, lakini usishuke chini ya goti, utafyeka ushahidi wetu. Mabua yaliyokomaa yatoe nje, ng'ombe wanayakanyaga tu. Mvua ikinyesha yatachipua laini. Hapo mwendee kwa adabu: "Shikamoo ami, lete ng'ombe wako wale." Atadhani tumesalimu amri. Wafungwe huko juu, kigingi kihamishwe kila siku. Ng'ombe akipata majani laini hahangaiki na miba ya nanasi. Watanyoa pote, mstari wa mama ubaki umesimama.

Hapo muite sheha na wazee, wapikie kahawa, umwombe ami mwenyewe awaonyeshe mpaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sina likizo, la sivyo ningekuja kumtazama usoni. Mama aliumwa, ami hakuja hata kumjulia hali, leo anataka kumrithi! Wallahi simwonei huruma.

Msalimie Bibi, umbusu mkono. Msalimie na mke wa ami, yeye hana kosa. Shangazi mwambie khanga alizoniagiza nimezipata, nitazileta.

Na nanasi la kwanza likiiva, mpelekee ami kwa mkono wako. Akiuliza limetoka wapi, mwambie kwa mama.

Dada yako,
Raya