Fungu la Kyungu

Mwanangu Kabange,

Leo mkaguzi amepita darasani mwako, na watoto wako wameshinda. Nimeanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na habari ndefu. Ulikuwa ukiniambia, "Baba Mwalimu, anza na jibu, njia utaieleza nyuma." Basi jibu ndilo hilo. Sasa nivumilie, nikueleze njia. Unajua mwalimu wako huyu mzee akizuiwa kueleza huugua.

Tulikuzika mvua ikinyesha, udongo mwekundu ukitushika miguu kama usiotaka turudi bila wewe. Hata matanga hayajaisha, padri anayesimamia shule akanijia nyumbani. Mimi nilikwisha kuiaga chaki, nilikuwa na lenga-lenga zangu, mboga tu, nyuma ya nyumba na sikumdai mtu kitu. Padri akasimama kati ya matuta, kanzu yake nyeupe imechafuka pindoni, akaniambia, "Mwalimu, ulikalie darasa la Kabange mpaka mkaguzi apite. Wakijua hesabu, watapanda. Wasipojua, watarudia mwaka, na ule mchezo wake wa visanduku tutaufuta."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo "mchezo" liliniuma. Uliiacha kazi katikati, mwanangu, kama mjenzi aliyefika kwenye lenta akaitwa. Kama watoto wangeshindwa, watu wangekukumbuka kuwa mwalimu aliyechezesha watoto wao mwaka mzima. Nikaosha mikono, nikavaa koti.

Naandika kwanza jinsi ulivyoianza kazi hiyo, ingawa unaijua kuliko mimi. Nataka kuisoma kwa mwandiko wangu.

Siku ile ulikuja kwangu jioni, hata hukuketi. Ulikuwa umeandika ubaoni 8 + 4, kisha ile alama ya vijistari viwili vilivyolala, kisha kisanduku kitupu, kisha + 5. Darasa zima likaweka 12 kisandukuni. Mmoja akajiona mjanja, akaandika 17. Uliniuliza, "Baba Mwalimu, hawa wanajua kujumlisha. Sasa wamekwama wapi?"

Tulikaa na swali hilo mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Mwishoni wewe ndiye uliyelikamata, nalo lilikuwa neno moja tu. Shuleni kwetu watoto wote huimba, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu: "Munane na ine inafanya kumi na mbili." Inafanya. Mtoto aliyeimba hivyo tangu mwaka wa kwanza huiona alama ile kama mlango wa kiwanda: mawe yanaingia upande huu, shaba inatoka upande ule. Akiiona tu, anatoa jibu. Kinachofuata nyuma ya jibu hakimhusu. Kumbe alama haifanyi kazi yoyote. Inatoa ushahidi tu kwamba huku na kule ni sawa.

Ulifurahi kama mtu aliyeona ufunguo uliopotea. Kesho yake ukaazima mizani ya posho, ile ya sahani mbili inayowapimia wafanyakazi wa kiwanda unga kambini. Ukaweka chuma cha kupimia upande mmoja, unga upande mwingine, ukasubiri watoto waone. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, nikijizuia nisicheke. Ukauliza, "Hapa munaona nini?" Numbi, yule mwana wa mpishi mwenye sauti ya tarumbeta, akajibu bila kufikiri: "Mwalimu, chuma inafanya bunga."

Nawe ukashika kichwa. Lakini mtoto alisema alichokiona maisha yake yote. Siku ya posho chuma hutangulia, unga hufuata, mama huondoka na unga. Kwake hata mizani ilikuwa na upande wa swali na upande wa jibu.

Wazazi nao hawakukuachia. Baba mmoja alikusimamisha njiani mbele yangu: "Mwalimu, mutoto yangu anasema munane na ine iko sawa na kitu haiyaandikwa bado. Sasa ile njo masomo gani?" Ukamjibu, "Baba, ngojea kidogo, itaandikwa." Akacheka. "Sawa. Na mushahara yangu nayo banisemee vile." Mlicheka wote wawili, lakini ulipofika kona kicheko kilikuwa kimekwisha.

Dawa ilitoka nyumbani kwenu. Nilikuwapo siku ile pia, nimealikwa kula. Mama yako aliimega bukari, akakupa kitonge chako, kisha akaweka kingine sawa na hicho pembeni ya sahani, kama afanyavyo tangu ulipokuwa mtoto. Fungu la Kyungu. Pacha wako huyo alikufa hata meno hayajatimia, lakini kwetu mapasa ni mapasa. Ukimpa mmoja, umpe na mwenzake, la sivyo umeleta ugomvi nyumbani. Mama yako hakuona kifo kuwa sababu ya kubadilisha hesabu. Ulikiangalia kile kitonge muda mrefu. Kisha ukasema, polepole sana, "Baba Mwalimu, mimi ninajua fungu lake ni kiasi gani, na hayupo hapa kuniambia."

Ukaenda darasani na jambo hilo. Ukachora mstari ubaoni, ukasema huku amekaa Kabange, kule amekaa Kyungu, na mama ni mmoja. Hakuna mtoto wa kambi ile asiyejua sheria ya mapasa. Ulipoandika 8 + 4 upande wako, na upande wa pili ukaweka 5 na kisanduku, ukawaambia, "Kyungu amekwisha kupewa tano. Ile yenye kubakia iko ndani ya kisanduku. Mama asikosane na mutu." Nilimwona Numbi akitembeza midomo. Hakupiga kelele safari hii. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeona aibu kwa niaba ya mama yako, "Banamukatia saba. Bamupatie saba yake."

Tangu siku ile darasani mwako hakuna aliyesema kisanduku kitupu. Kikaitwa fungu la Kyungu. Na alama ikasomwa "iko sawa na", na aliyeteleza akasema "inafanya" alizomewa na benchi nzima: "Kiwanda! Kiwanda!"

Kisha ukashikwa na kifua, katika mvua zile.

Nilipoingia darasani mara ya kwanza baada yako, watoto walisimama vizuri, wakaniamkia, wakaketi. Nikaandika hesabu ubaoni kama ulivyokuwa ukiandika, nikachora kisanduku. Hakuna mkono ulioinuka. Nikangoja. Unajua mimi naweza kungoja. Mwishoni Numbi akasimama. "Baba Mwalimu, sasa Mwalimu Kabange naye amekufa. Ile fungu iko ya nani?"

Mwanangu, nimefundisha miaka mingi na nimeulizwa mengi. Hilo lilinifanya niugeukie ubao, nijifanye nafuta kitu. Nilipowageukia nikawaambia kile nilichokuwa nacho. "Mwenye fungu anaweza kuondoka. Fungu halipungui kwa sababu hiyo. Haya, ni ngapi?" Mikono ikainuka.

Kulikuwa na njia rahisi, nami niliijua. Ningeweza kuwaimbisha jedwali asubuhi mpaka mchana, mkaguzi akasikia wimbo mzuri, akapita. Wenzangu wa madarasa mengine walinishauri hivyo kwa mapenzi mema. Lakini wimbo ule ungekufuta. Nikaendelea na mapasa. Nikawaongezea jambo ulilokuwa umeanza kulidokeza: kwamba ukimwongezea Kabange tatu, mwongezee Kyungu tatu, na bado ni sawa, ukiwapunguzia wote wawili, bado ni sawa. Walilipokea kama jambo la heshima tu, la mtu aliyelelewa vizuri. Mimi niliyaona hayo kwenye kitabu cha aljebra nikiwa kijana mwenye ndevu, nikayakariri bila kujua kwa nini.

Sasa leo.

Mkaguzi ni mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Anakijua Kiswahili kidogo, kile cha kuagiza maji ya moto. Padri alikaa kando yake kumtafsiria. Akawauliza jumla mbili tatu, wakajibu. Kisha padri akamwonyesha kisanduku ubaoni, akimweleza, nadhani, ule mchezo. Mkaguzi akauliza kinaitwaje. Darasa zima likajibu kwa pamoja: "Fungu ya Kyungu."

Akapekua orodha ya majina. "Kyungu ni nani? Hayupo leo?"

Padri akanitazama. Numbi akasimama. "Kyungu iko ndugu ya mwalimu. Hayuko. Lakini tunajua fungu yake."

Padri alitafsiri sentensi hiyo taratibu sana. Mkaguzi akachukua chaki mwenyewe. Akaandika 57 + 38, akaweka alama, akachora kisanduku, na mbele yake akaandika + 37. Hatukuwahi kupanda hadi namba kubwa vile. Akageuka kwenye pembe ya ubao aanze kujumlisha ili apate jibu lake la kuwasahihishia.

Hakufika mbali. Mkono wa Numbi ulikuwa juu.

"Makumi tano na munane."

Mkaguzi akasimamisha chaki. Akamaliza hesabu yake, akaitazama, akamtazama mtoto. Akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila padri: "Wewe nafanya namna gani?"

Na Numbi, mwana wa mpishi, aliyewahi kusema chuma inafanya unga, akamjibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni asiyejua desturi: "Bwana, siyafanya kitu. Niliangalia tu. Huku kuko makumi tatu na munane, kule makumi tatu na saba. Banakata moya, banaipeleka kwa ile makumi tano na saba. Ile moya haiwezi kupotea, mama iko mumoja. Iko kwa Kyungu."

Nilitazama sakafu, kwa sababu mzee hafai kuonekana analia mbele ya mkaguzi. Benchi za nyuma zilikuwa zinatikisa vichwa: ndiyo, ndiyo, iko kwa Kyungu, wapi tena?

Mkaguzi akamwandikia mwingine, na mwingine. Akawategea: akaandika 9 iko sawa na 9, peke yake, bila kujumlisha. Darasa la zamani lingesema hesabu hiyo imeharibika, haina swali. Wa kwako wakasema, "Iko sawa," wakamngoja alete kitu kigumu. Kikohozi kilimshika, akacheka ndani ya kikohozi.

Watoto wote wanapanda, Kabange. Wote. Padri alinishika mkono barazani, akaniambia kwamba kuanzia sasa alama ile itasomwa kwa namna yako, si kwa namna ya zamani, katika shule nzima, na kwamba Jumamosi niwafundishe wenzangu namna yenu ya mapasa. Nikamwambia, "Padri, si mchezo tena?" Akainamisha kichwa. "Si mchezo, Mwalimu." Alasiri nikapita nje ya darasa la pili. Ndani wanaimba, wimbo uleule na sauti zilezile, lakini neno limebadilika: "iko sawa na". Nilisimama nje nikiwasikiliza mpaka king'ora cha kiwanda kikawafunika.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mama yako. Nilimweleza yote tangu mwanzo, na alipenda zaidi pale mkaguzi alipomtafuta Kyungu kwenye orodha. "Mwanangu yule," akasema, "hakuandikwa hata kanisani. Leo wazungu wanamtafuta." Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa, nami nikacheka naye. Kisha akapakua bukari. Akanipa changu. Pembeni akaweka fungu la Kyungu, na kando yake, sawa nalo kabisa, akaweka jingine.

Nami nililijua ni la nani.

Lala vizuri, mwanangu. Mtu na nduguye mko pamoja sasa, na wote wawili mmepata haki yenu. Mimi nakuahidi hili: maadamu mkono wangu unashika chaki, hakuna mtoto wa Elisabethville atakayekaa mbele yangu akaambiwa kisanduku kile ni kitupu.

Baba Mwalimu wako