Uzi wa Vifungo vya Shati

Jumanne, 4 Machi
Haya, nimebonyeza, nasema. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye kanifundisha. Eti mama, una maneno mengi, iambie simu, yenyewe haichoki! Leo yeye kajifungia na cherehani yake. Majibu ya damu yametoka. Homoni iko chini, daktari anasema yai halikutoka. Miaka minne ya ndoa! Mwanangu kamwambia basi, tuache kutafuta mtoto, tumechoka. Mimi namenya viazi tu. Viazi vyenyewe nusu vimeoza, yule mwenye duka hana haya — ngoja, nimepotea.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsindikiza kufuata vidonge. Alipoingia ndani, nikamuuliza nesi, hiyo homoni inapanda lini? Akacheka: bibi, na wewe unataka mtoto? Nikamwambia nikipata pacha, mmoja wako! Kisha akanieleza. Homoni hazitulii. Kuna za asubuhi ziko juu, jioni zimeshuka. Hii ya mkwe wangu hupanda yai likishatoka, wiki moja hivi iko kileleni, halafu inaporomoka, mtu anaingia mwezini. Kwa hiyo damu inapimwa siku ya ishirini na moja, tangu siku zake za mwezi zilipoanza.
Zilipoanza!
Nimerudi nyumbani njia nzima nahesabu kwa vidole.

Jumamosi, 8 Machi
Ni mimi niliyekosea hesabu. Mkwe wangu fundi cherehani, kazi zinamzidi, tarehe zinamchanganya. Nikasema niachie mimi, mwanangu, kusoma sijui, kuhesabu najua. Kila asubuhi natunga kifungo kimoja cha shati kwenye uzi. Ila nilianza alipomaliza, alipooga. Sisi tulihesabu hivyo, mama yangu, shangazi zangu wote. Kwa hiyo siku tano sikuzitunga. Kifungo cha ishirini na moja kumbe ni siku ya ishirini na sita, nimempeleka kupimwa homoni imeshaporomoka! Na siku ya pili yake tu akaingia mwezini, nami nikaona, wala sikushtuka. Kibaya zaidi, nilishampigia dada yangu: huyu binti tumboni hamna kitu. Mdomo huu! Nimezaa wanane, nikajiona daktari.
Kesho nitasema.

Jumapili, 9 Machi
Sikusema.

Jumatatu, 10 Machi
Kumbe alikuwa anashona vishati vidogo, kavificha chini ya vitambaa vya wateja. Vinane! Leo kavitoa, anavikunja, anasema anampa jirani mwenye mimba. Vimebaki kutiwa vifungo tu. Nimekimbilia chumbani, nasema hapa upesi upesi — huyo, anaita. Mama, vile vifungo vyangu unavyo? Nipe nimalizie.
Kasimama mlangoni. Mkono kaunyoosha. Macho mekundu, anajitia kucheka: mama, unamsengenya nani kwenye simu?
Wewe, mwanangu. Hapana — mimi. Kaa kitandani hapa. Uzi huu, usiukate kwanza. Hesabu na mimi. Siku ya kwanza ulipoingia mwezini, kifungo chake kiko wapi? Kitafute, mwanangu —