Keki Zinazokunywa Kuliko Mimi

Jumamosi, 5 Novemba

Keki zimetoka kwenye oveni. Nyeusi kama viatu vya padri, kokwa za pekani na zabibu kavu zimebanana humo hadi hazina pa kukaa. Mke wangu Ardith kazifunga kwa vitambaa vyeupe, kaziweka kwenye makopo ya bati, kazitia kabatini. Kuanzia kesho hadi Krismasi zitanyweshwa bourbon, wiski yetu ya Kentucky, kila Jumapili baada ya kanisa.

Na mimi? Daktari kanikataza. Kidole kimoja kwenye glasi, tena siku ya sikukuu tu. Yaani humu ndani keki zinakunywa kuliko mwenye nyumba! Mimi niliyezeekea kwenye ghala la mapipa ya wiski. Nimevingirisha mapipa, nimenusa mapipa, nimelala juu ya mapipa msimamizi akienda kula. Leo nanyimwa hata kulamba kizibo.

Kuna jambo nitafanya.

Jumapili, 6 Novemba

Nimelifanya. Ardith alipokuwa anachana nywele, nilimimina nusu ya wiski ya keki kwenye chupa yangu niliyoficha gereji, yake nikaijazia chai baridi. Rangi ileile! Mungu kaumba chai makusudi.

Kanisani sikusikia neno hata moja. Tuliporudi akavaa aproni, akafungua chupa, akazinywesha keki kijiko kwa kijiko. Mimi nimekaa, gazeti nimelishika, nasubiri mvua ya matusi. Huyu ni mwanamke ambaye akiwa mlangoni anajua kwa pua tu kama nimekaa kwenye baraza la jirani yetu Cletus, na Cletus kanipa nini.

Wapi! Anaimba tu puani.

Keki zimekunywa chai na mwenyewe hakujua. Mbona sifurahi? Mzaha usiogunduliwa ni kama kumtekenya mtu aliyelala.

Jumatatu, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Chai haihifadhi keki — wiki moja tu zingeota ukungu kama ukuta wa ghala. Ardith alipokwenda dukani nikazinywesha wiski halisi, ile yangu ya gereji, kwa uchungu mkubwa. Na chupa yake nikaimwaga chai, nikaijaza wiski upya. Sasa mimi ndiye mwizi pekee hapa Kentucky aliyepata hasara.

Lakini swali halinitoki. Kwa nini hakunusa?

Jumatano, 9 Novemba

Leo Mungu kaniletea jibu kwa miguu minne. Mbwa wa jirani alimfukuza kicheche hadi chini ya baraza letu, na kicheche akafanya ile kazi yake ya kunyunyiza uvundo. Loo! Macho yalinitoka machozi. Mtaa mzima ulifunga madirisha. Cletus alitoka na taulo usoni, akaingia ndani akikimbia — na Cletus hajakimbia tangu aoe.

Ardith alikuwa uani, anaanika mashuka. Akaanika hadi la mwisho. Kisha akajifunika pua na aproni. Lakini niliona: alijifunika baada ya kumwona Cletus.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimeanza kumchunguza kama mpelelezi. Niliacha soksi zangu za bustanini mezani. Hakuzitupa hadi alipoziona. Nilifungua maziwa yaliyochacha karibu na kiwiko chake. Hamna kitu.

Na jipya hili: ananipa kijiko! "Onja." Miaka yote ya ndoa nilikuwa nafukuzwa jikoni kama nzi. Sasa kila sufuria: "Hobe, njoo uonje." Ananitazama usoni, hata hasubiri maneno. Leo ilikuwa sosi ya pudingi ya mkate, siagi na sukari ya kahawia na bourbon. Tamu kabisa. Lakini mimi ni mimi — nikakunja uso kama nimemeza ndimu na maganda yake. Akaongeza sukari. Nikakunja tena. Akaongeza tena.

Alikuwa hatanii. Nikacheka peke yangu hadi barazani.

Jumapili, 13 Novemba

Sicheki tena.

Nadine, dada yake Ardith, alikuja kula baada ya kanisa, na mdomo wake kama kawaida. Alitia kijiko cha ile pudingi kinywani, akafumba jicho moja.

"Dada," akasema, "hii ni sosi au dawa ya kung'oa meno?"

"Kwani ina nini?"

"Ina sukari ya wilaya nzima. Shemeji, umemfanya nini dada yangu? Huyu alikuwa mpishi!"

Ardith hakunijia juu. Aliangalia tu kijiko chake, akala pudingi yote iliyobaki kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha gizani. Halafu akaniangalia mimi.

Ndipo nikaelewa. Uso wangu ndio alikuwa anapikia. Na mimi nilikuwa naufanyia mzaha.

Jumatatu, 14 Novemba

Nilimuuliza Ardith asubuhi, kahawa ikiwa mezani.

"Tangu lini, mama?"

Hakujifanya hajui. "Tangu mafua yale ya Agosti."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Habari ingefika kwa kinyozi kabla sijafunga mdomo."

Kweli tupu. Nikanywa kahawa.

"Na ikifika kwa kinyozi inafika Louisville," akasema. "Lorene akijua mama yake hasikii harufu, hata ya gesi, hili jiko la gesi litatoka siku hiyohiyo. Na sisi tutatoka nyuma yake."

Binti yetu Lorene ana chumba cha wageni huko Louisville mjini, ghorofani, kwenye jengo lenye lifti. Jiko lake ni la umeme, laini kama kioo, ukiligusa linalia. Kila simu ni hilohilo: Mama, mmezeeka, Mama, lile jiko la bibi litawaua.

"Mimi nikakae ghorofani nihesabu mabasi?" Ardith akasema. "Nitazinywesha keki zangu wapi, kwenye lifti?"

"Inaweza kurudi. Pua."

"Inaweza." Akanyanyuka. "Na wewe, Hobe. Kile kijiko cha Ijumaa."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Nimeolewa na wewe. Ila ukitaka kutania, tania na mdomo. Uso niachie."

Nilitaka kumwambia na ile habari ya chai. Nikaona ungamo moja kwa siku linatosha.

Alhamisi, 17 Novemba

Tumekuwa shule. Ardith anafungua chupa, ananisogezea puani. "Nipe harufu."

"Inanuka wiski."

"Mpumbavu. Wiski inanukaje?"

Hapo ndipo nilipokwama! Nimenusa kitu hiki tangu sijaota ndevu na sikuwahi kuulizwa. Mimi shule niliiacha kwenye hesabu za kugawanya. Nikanusa tena. Nikafikiri. Nikasema: "Kama ghala, sakafu ya juu kabisa, mwezi wa saba, mtu kafungua mlango. Mbao zilizochomwa. Kuna mtu kamenya chungwa mahali. Na… shati la mzee wangu akitoka kwenye tumbaku."

"Tumbaku mbichi au kavu?"

"Kavu. Inayoning'inia bandani."

Kafumba macho. "Ehe. Endelea."

Tukaenda hadi kwenye kungumanga, karafuu, vanila. Sikujua nina maneno mengi hivi kichwani. Nilimwambia siagi inanuka kama shingo ya mtoto mchanga, akanipiga na kitambaa.

Na mimi pia nimejifunza. Wiski ikiingia kwenye siagi ya moto inalia — kwanza kwa ukali, kisha sauti inashuka kama mtu anayechoka kugomba. Halafu anawasha njiti, anagusisha, moto wa buluu unacheza juu ya sosi. Ukizimika wenyewe, ukali umekwisha. Mwanamke huyu anapika kwa masikio! Huenda alikuwa anapika hivyo miaka yote na mimi nasifu pua yake.

Tumepanga ishara za Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ijayo, Lorene akija asijue. Nikikuna sikio — sukari. Nikigusa kidevu — chumvi. Nikivuta mkanda wa suruali — ongeza bourbon.

Leo nimevuta mkanda mara nyingi sana. Ameniambia nikivuta tena suruali itaanguka na sosi sipati.

Jumatano, 23 Novemba

Lorene kafika. Kaleta pai ya kununua, Mungu amsamehe. Kambusu mama yake, kisha kasimama katikati ya jikoni anaangalia huku na huku kama mtu wa bima.

"Hili jiko bado mnaliwasha kwa kiberiti, Baba?"

"Na mama yako bado ananiwasha mimi kwa kiberiti. Wote tunafanya kazi."

Hakucheka. Akafungua kabati, akafungua kopo la keki, akainama, akavuta pumzi ndefu. "Mwaka huu ni kali kweli, Mama. Nzuri."

Ardith aliniangalia. Nikamkonyeza. Alijaa kifua kama njiwa, na chakula cha jioni akakitengeneza huku anaimba. Viazi vitamu vyenye pekani na bourbon, sikugusa kidevu wala sikio. Havikuhitaji kitu.

Alhamisi, 24 Novemba

Wote wameshiba, wanasinzia sebuleni. Naandika barazani na koti.

Mambo yalikwenda vizuri hadi adhuhuri. Bata mzinga kahawia, mchuzi mzito. Nilikuna, nikagusa, nikavuta. Nadine aliniuliza kama nina upele.

Halafu sosi. Ardith aliiacha kwenye pleti ya mbele ya jiko akaenda chumba cha chakula kubishana na Nadine nani akate bata. Mimi nilikuwa nje natoa takataka. Niliporudi, sosi ilikuwa imefurika, imemwagikia jiko, imezima moto. Pleti haina moto. Na ile harufu — si sosi, si wiski. Ile nyingine. Ya yai bovu: gesi.

Ardith alikuwa amesharudi, ameinama juu ya sufuria. Bourbon mkono mmoja. Mkono mwingine anafungua kiberiti.

Sijui nilifikaje. Goti langu halijakimbia hivyo tangu ujana. Nilimkamata mkono, kiberiti kikaanguka, njiti zikatapakaa sakafuni. Nikafunga swichi ya gesi. Nikafungua dirisha. Nikafungua mlango. Nikafungua hata friji, sijui kwa nini.

"Wewe una wazimu?" Ardith akasema.

Na Lorene mlangoni, sahani mikononi. "Mnafanya nini?"

"Nacheza dansi na mke wangu," nikasema. "Joto limetupata."

Akatutazama. Akatazama njiti. Hewa ya nje ilikuwa inaingia kwa nguvu, pazia limeruka juu. Sijui alinusa au hakunusa. Akaweka sahani chini, akaanza kuokota njiti moja moja.

Ardith aliipasha sosi upya. Akanipa kijiko. Sosi ikanidondokea shatini. Ilikuwa tamu. Nikamwonyesha kwa uso kwamba ni tamu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvingirisha pipa.

Sijamwambia.

Ijumaa, 25 Novemba

Niko chooni, daftari juu ya goti. Ndiyo sehemu pekee yenye komeo.

Nilitangulia kuamka. Nikaingia jikoni nimevaa soksi tu. Nikaing'oa swichi ya pleti ya mbele, inatoka ukivuta kwa nguvu. Nikaitia mfuko wa pajama. Nilikuwa na mpango? Hapana. Niliona tu kwamba mkono umeshafanya.

Sasa wameamka. Nawasikia.

"Hobe! Swichi ya jiko iko wapi?"

Kisha miguu ya Lorene kwenye ngazi. "Swichi gani, Mama?"

Ndipo Ardith, kwa sauti ya kanisani: "Hakuna kitu, mwanangu. Nenda kaoge."

Mabomba yanalia juu; Lorene anaoga. Na sasa kuna mtu nje ya mlango wangu. Hagongi. Nainama nanusa: karafuu, na sabuni ya vyombo. Ni yeye. Naona ncha za ndara zake chini ya mlango.

Nimeishika swichi, imepata joto la mkono. Nikimrudishia, nimemrudishia kiberiti. Nikimpa Lorene, nimempa nyumba yote.

"Hobe," anasema, polepole, mdomo karibu na mbao. "Jana."

"Naam, mama."

"Ilikuwa inanuka sana?"