Mpishe Mwenye Haraka

Mamangu,

Nimerudi Voi. Niko chumbani mwako, nimekaa pale pale kwenye mkeka wako chini ya dirisha, na mdogo wangu Zuhura kila mara anachungulia mlangoni kuona kama nalia. Nimelia, sikufichi. Ulipofariki nilikuwa ng'ambo, na maziko yetu hayamngoji mtu. Simu iliponifikia ulikuwa umeshazikwa. Lakini leo sikuandikii ya kilio. Leo nakuandikia kujisifu, maana ni wewe peke yako uliyekuwa ukiniacha nijisifu mpaka nichoke mwenyewe.

Mama, nimeipata picha niliyokwenda kuitafuta.

Unakumbuka ile siku Ami Salim, kaka yake baba, alipokuja kukuuliza mtoto wa kike anakwenda Ulaya kusoma nini? Nikamweleza kwa adabu zote: vitu vidogo sana, Ami, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Lo! "Visivyoonekana? Basi hiyo si elimu, huo ni uganga." Akaendelea kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe macho yako ndiyo hayo yanaingia giza, nani atakutunza? Wewe ulikuwa unashona kofia, hata uso hukuuinua. Ukamwambia, "Mwanangu nimemdhamini mimi. Akirudi mikono mitupu, niulizwe mimi." Ami akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Neno hilo nilisafiri nalo. Na ulipokufa, nikaona hakuna tena wa kulisimamia ila mimi.

Sasa nikueleze nilichokuwa nikifanya kule, maana kwenye simu kila nikianza laini ilikatika. Ule weusi wa penseli, mama, ukiutazama kwa karibu mno, ni karatasi juu ya karatasi, na kila karatasi imejaa vitundu vya pembe sita kama sega la nyuki. Wataalamu wamegundua kwamba karatasi moja ya namna hiyo yaweza kujikunja ikawa mrija, mwembamba mpaka unywele kando yake ni gogo. Ajabu yake ni hii: mrija ukijikunja sawasawa, unapitisha umeme kama waya wa shaba. Ukijikunja kimshazari, mara nyingi haupitishi mpaka uushurutishe. Na huo wa kushurutishwa ndio wanaoutaka watu wa kompyuta, kwa kuwa waweza kuuwasha na kuuzima. Siku hizi maabara za dunia nzima zinashindana nani ataufanya swichi iliyo ndogo kuliko zote. Lakini kwanza lazima mtu auone huo mrija umejikunja vipi. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Profesa alipotuchorea hayo ubaoni nilicheka peke yangu darasani. Kofia hiyo, mama! Ubavu wa kofia unaushona umelala, vitundu vitupu, halafu unauzungusha uungane. Mara ngapi nimekuona ukifumua kazi ya wiki kwa sababu ua halikukutana na mwenzake? Mnunuzi yuko sebuleni anakohoa, na wewe unafumua tu. "Karibu na sawa si sawa," unamwambia, "rudi Ijumaa."

Na mashine yenyewe haioni, mama. Ina sindano. Ncha ya sindano inapita juu kwa juu, karibu kugusa lakini haigusi, umeme unaruka kale kanafasi kaliko kati, na kompyuta inachora palipoinuka na palipobonyea. Inapapasa, basi. Vile vile ulivyokuwa ukihesabu vitundu kwa ncha ya kidole baada ya mtoto wa jicho kukufunga macho. Nilipowasimulia wenzangu habari hiyo hawakuamini, nikawatolea kofia uliyonipa. Waliishika mmoja mmoja, wamefumba macho.

Basi nikaanza kazi, na kazi ikanikataa. Picha zilitoka zimechafuka, mistari imepinda kana kwamba imechorwa na mtu aliye juu ya punda. Asubuhi nakata waya kufanya sindano mpya, mchana imeshaharibu picha. Profesa ni mtu mwema, lakini alinieleza wazi: muhula ukiisha bila picha safi, kazi atapewa mwanafunzi mwingine. Nikamwona Ami Salim mbele yangu, na kahawa yake. Nilikuwa nakula chakula sisikii ladha.

Siku moja mchana nimekaa mbele ya mashine, viatu nimevua, tabia yangu unaijua. Nikasikia sakafu kwenye unyayo. Mtetemo mdogo, ukaja, ukapita. Nikatazama kompyuta: mstari umepinda pale pale. Jamani, treni! Chumba chetu kiko chini ya ardhi, mlio hauingii, na reli iko nyuma ya jengo. Wenzangu hawakusikia kitu. Mimi nimezaliwa kando ya reli.

Humu ndani gari moshi la mizigo likitoka Mombasa likiingia Voi, vikombe vinalia kabatini. Nawe unainua sindano, unaishika hewani, hata kama mtu yuko katikati ya maneno. "Mpishe mwenye haraka," unasema. Likishapita, unaishusha pale pale ulipoitoa. Na sisi tunanyamaza na vijiko mkononi, tukidhani nyumba zote duniani hufanya hivyo. Zuhura alipokwenda shule ya bweni Mwanda, kule milimani ambako reli haiko, lori likipanda kilima alikuwa anainua kalamu. Wenzake walimcheka mpaka akaandika barua kukushtakia, ukaniambia nikusomee mara mbili.

Nikaenda stesheni ya kule Ulaya kuomba saa za treni. Nikaipanga mashine iinue sindano kabla treni haijafika, ingoje, ishuke ikishapita. Halafu nikanunua blada za baiskeli, ile mipira ya ndani ya magurudumu, nikazikata kamba kama wanavyofungia mizigo hapa sokoni, nikaining'iniza mashine nzima ili mtetemo wa sakafu usiifikie. Profesa alipoingia akakuta chombo chake kinabembea kwenye blada, alicheka hadi akafuta miwani. Kisha akasema, "Usiguse. Iache hivyo hivyo."

Picha ikaja, mstari baada ya mstari. Vitundu. Vya pembe sita, mama, vimepangana, vinazunguka mrija kimshazari, wazi kabisa! Nilipiga kigelegele. Kule hawakijui kigelegele. Mmoja alikimbilia kizima-moto.

Juzi nilimwekea Ami picha hiyo mapajani. Akaivuta karibu, akaisogeza mbali. "Kofia ya nani hii? Huu mshono siujui." Nikamwambia, Ami, hivi ndivyo vile visivyoonekana. Akainuka, akaingia humu chumbani mwako, akatoka na ile kofia uliyoiacha nusu, nusu maua na nusu kitambaa kitupu. Zuhura akasema atammalizia. Ami akakataa, akasema mkono wako hauna wa kuufuatia. Na leo Ijumaa ameiunga kwa pini, akaivaa msikitini vivyo hivyo, mbele ya watu wote, picha yangu mfukoni mwa kanzu, anamsimamisha kila mtu: "Shemeji yangu alimdhamini huyu. Tazama, hakurudi mikono mitupu."

Ungalimwona, mama. Ungalimcheka, halafu ungalilia.

Haya, nikuage. Mola akupanulie ulipo, akutie nuru, wewe uliyekaa gizani miaka hiyo yote bila kunung'unika. Ahadi yangu ni hii: narudi kumaliza, kisha naja nyumbani moja kwa moja. Na mashine ya kwanza ya namna hii nitakayoiunda katika nchi yetu nataka iwe hapa hapa Voi. Najua watasema nimepata wazimu kuiweka kando ya reli. Waseme. Nitawafundisha watoto wa hapa, na somo la kwanza nitakalowapa...

Vikombe vimeanza kulia. Zuhura huko jikoni amenyamaza, najua ameinua mwiko. Nami nainua kalamu, mama.

Limepita. Nashusha kalamu pale pale: somo ndilo hilo.

Mwanao,
Rukia